Kabla hujalipia logo, hesabu kwanza itakuletea nini



Leo naandika maoni yangu, siyo somo. Kuna ushauri unazunguka sana mitandaoni kwamba ukiuza mtandaoni lazima uwe na kila kitu. Logo kali, tovuti, akaunti TikTok, Instagram na Facebook, vifungashio vyenye jina lako, video kila siku, zawadi kwa wateja kila mwezi, kadi ya shukrani ndani ya mzigo. Kila kimoja ukikiangalia peke yake ni kitu kizuri na wala sikipingi. Ninachopinga ni kumwagiwa vyote kwa mkupuo kana kwamba vina uzito sawa, halafu anayemwagiwa ni mtu yuko peke yake, ana simu moja, mtaji wa laki mbili, na masaa matatu kwa siku baada ya kazi za nyumbani.

Hapa Chemba namfahamu dada mmoja anauza karanga na unga wa lishe kwa WhatsApp. Alichukua laki moja na nusu ya kikoba. Elfu sitini ikaenda kwa mtu wa logo na stika, elfu arobaini ikaenda kwenye kulipia tangazo la posti. Na tangazo lilifanya kazi kweli, watu wakaanza kuuliza. Ila hela ya kununulia mzigo ilikuwa imebaki elfu hamsini. Karanga zikaisha ndani ya siku nne, oda zinaingia yeye anajibu "subiri wiki ijayo mpendwa". Wiki ijayo mteja ameshanunua kwa mwingine. Stika zipo mpaka leo kwenye boksi juu ya kabati, na marejesho ya kikoba hayajawahi kumsubiri mtu.

Sasa angalieni, huyu dada siyo mvivu. Tena anajituma kuliko mimi. Kila kazi aliyofanya ilikuwa kazi halali ya biashara, shida ilikuwa ipi itangulie ipi ifuate. Na hilo ndilo jambo ambalo washauri wengi wa mitandaoni hawaligusi kabisa, kwa sababu "fanya hivi vitu 15" inapendeza kwenye posti kuliko "fanya kimoja, hivi 14 viache kwanza".

Kuna watu ambao suala hili limewaumiza kichwa miaka mingi mpaka wakalitengenezea utaratibu. Ni wale wanaotengeneza programu za kompyuta na za simu. Mteja wangu mmoja wa asali anasoma kompyuta UDOM, ndiye aliyenifungua masikio, halafu mimi na kidato changu cha nne nikaanza kujisomea mwenyewe kwenye simu. Mwaka 2001 mwezi wa pili, wataalamu 17 wa programu walikutana Snowbird, kule Utah Marekani, wakaandika tamko fupi la namna ya kufanya kazi. Wakaiita ajaili, yaani wepesi wa kubadilika. Zamani programu ilikuwa inapangwa yote kwenye makaratasi, mtu anaijenga mwaka mzima au miaka miwili, akimaliza anakuta mteja hakitaki tena kile kitu. Wao wakasema hapana, mpe mteja kipande kidogo chenye faida mapema, uone anakitumiaje, halafu ndiyo uamue kipande kinachofuata. Na kwenye misingi yao 12 kuna mmoja unaosema kwamba kazi usiyoifanya nayo ni ufundi. Mimi huo ndio nimeuweka moyoni, maana kwetu sisi mtu asiyefanya kitu anaitwa mzembe hata kama ameacha kwa makusudi.

Sasa ili ujue kipande gani kianze, wanauliza maswali mawili tu kwa kila kazi. Ikifanyika, inaleta thamani kiasi gani? Na inakula nguvu kiasi gani? Basi.

Kabla ya kusema hayo ni mambo ya Wazungu, wote hapa tunatumia matunda yake. Chukua M-Pesa. Majaribio yalianza Kenya mwaka 2005 mwezi wa kumi, upande wa Nairobi na Thika, Safaricom na Vodafone pamoja, kazi ikisimamiwa na Nick Hughes na Susie Lonie. Na wazo la mwanzo halikuwa kutumiana hela. Lilikuwa mikopo. Mkopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, apokee mkopo wake na alipe marejesho kwa simu. Wateja wa majaribio hawakufika hata 500.

Watu wakaanza kuitumia wanavyojua wao. Mtu anaweka hela kwa wakala asubuhi, anasafiri mfuko mtupu, anaitoa anakofika. Wengine wanamnunulia ndugu wa kijijini salio, wengine wanatumiana hela tu. Huku sehemu ya mikopo inazidi kuwa ngumu, mahesabu ya vikundi na mfumo wa simu havishikani kirahisi. Kwa hiyo kuna kazi nzito ambayo wateja hawaichangamkii sana, na kuna kazi nyepesi ambayo wateja wameshaanza kuifanya wenyewe bila kuombwa. Ile nzito wakaiweka pembeni. Tarehe 6 Machi 2007 wakazindua kwa kuwaambia watu jambo moja, tuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata Vodacom wakaileta kwetu Tanzania.

Na mikopo je? Ilirudi. Novemba 2012, Kenya, kwa jina la M-Shwari. Kulipia dukani kwa Lipa na M-Pesa kukaja 2013. Yaani kitu kilichokuwa ndiyo wazo lenyewe la kwanza kilikaa foleni zaidi ya miaka mitano, na hakuna aliyekufa. Kampuni yenye mainjinia na mamilioni iliweza kusema "hiki bado", halafu wewe wa laki mbili unataka vyote kufikia Ijumaa!

Ila kuna kitu kimoja wasingeweza kukiahirisha, nacho ni hela ya kutosha kwa wakala. Unafika na meseji yako ya kupokea, wakala anakwambia sina cash, hapo bango zuri la dukani kwake linakusaidia nini? Kwa dada yetu, karanga ndizo zilikuwa hiyo cash.

Haya, twende kwenye karatasi. Wale wa programu hawapimi kwa moja mpaka kumi. Wengi wanatumia namba 1, 2, 3, 5, 8 na 13. Nafasi kati ya namba zinazidi kupanuka kwa sababu kazi ikiwa kubwa, kuikisia ndiyo inakuwa vigumu. Kutoka hapa mjini Chemba mpaka Paranga naweza kukuambia nitatumia muda gani. Kwenda Dar nikirudi na mzigo, hapo nakisia tu, hakuna maana ya kubishana kama ni 11 au 12. Unaipa kila kazi namba ya thamani na namba ya nguvu, unagawanya ya kwanza kwa ya pili. Inayopata kubwa inatangulia.

Kwangu nauza asali inayotoka upande wa Kwamtoro, mafuta ya alizeti na karanga. Kuandika bei juu ya kila picha nimeipa thamani 8, nguvu 1, jibu 8. Kukubaliana bei moja ya kutuma mzigo na watu wa mabasi ili nisianze kuulizia upya kwa kila mteja, thamani 8, nguvu 3, inakaribia 3. Logo mpya, thamani 2, nguvu 5, jibu 0.4. Tovuti, thamani 3, nguvu 13, hapo hata robo haifiki.

Hilo la bei kwenye picha lazima niliseme vizuri, samahani kwa nitakaowaudhi. "Bei njoo inbox" inatumaliza. Mteja yuko kwenye daladala Dar au yupo kibandani anasubiri chakula, ameona asali yako, anataka kujua ni elfu ngapi. Unamwambia aje inbox. Akija, wewe uko kisimani au bando limekata. Unamjibu baada ya masaa matatu, ameshasahau hata jina la ukurasa wako. Sababu ninayoisikia kila siku ni kwamba washindani wataona bei. Mshindani akitaka bei yako anakuja inbox anajifanya mteja, dakika mbili anayo. Anayefichwa ni mteja peke yake.

Lakini namba za thamani unazitoa wapi? Hapa ndipo wengi wanakosea, wanakaa chini wanaandika namba kwa kupenda. Ukiipenda logo utaipa 8. Thamani iko kwenye simu yako tayari. Fungua WhatsApp, soma chati zako thelathini za mwisho ambazo mtu aliuliza halafu hakununua. Tafuta mahali maongezi yalipofia. Yamefia kwenye bei? Kwenye "nauli ya mzigo shilingi ngapi"? Kwenye "nitajuaje ni asali halisi siyo ya sukari"? Kwenye wewe kuchelewa kujibu? Andika sababu moja moja kwa vistari kama tunavyohesabu magunia. Kwangu mimi nyingi zilikuwa zinafia kwenye usafirishaji, mtu yuko Mbagala hajui Chemba iko mkoa gani, ataamini vipi kwamba ndoo itafika. Sijawahi kuona hata chati moja iliyofia kwenye logo. Nimezisoma.

Sisemi muonekano hauna kazi. Inategemea unauza nini. Dada anayefunga zawadi za harusi pale Dodoma mjini, kifungashio ndiyo bidhaa yenyewe, yeye akikipa thamani 13 yuko sahihi kabisa. Ndiyo maana orodha ya mtu mwingine usiichukue kama ilivyo, hata hii yangu.

Upande wa nguvu nao una mambo yake. Watu wanahesabu masaa na hela tu. Kuna nguvu ya tatu, ya moyo. Mfano mkubwa ni kudai. Kwenye karatasi, kudai ni kazi rahisi kuliko zote, meseji moja na hela ni yako tayari, thamani yake ya juu kabisa. Lakini nani hapa hajawahi kupiga picha bidhaa asubuhi nzima kwa sababu anakwepa kumwandikia mama mmoja wa kanisani, au ustadhi fulani, au shangazi yake? Tunamheshimu, tunaogopa maneno, tunaona aibu kudai hela yetu. Mtaji unakaa kwa watu mwezi mzima huku tunatafuta mkopo wa riba.

Kwa hiyo kudai usikupe nguvu 1, utajidanganya. Kupe 5. Hata hivyo, 13 gawa kwa 5 inashinda vitu vingi sana kwenye orodha yako. Mimi naifanya Jumatatu asubuhi kabla sijafungua TikTok, watu watatu tu, na maneno nimeyaandika tayari ili nisianze kutunga huku moyo unadunda. "Shikamoo mama, habari za nyumbani. Ile elfu kumi na nane ya mafuta ya tarehe 3, naomba unisaidie leo au kesho ili niongezee kwenye mzigo mpya." Kwa kijana mwenzako unasema kivyako. Salamu ipo, kiasi kipo, tarehe ipo, na siku ya kulipa ipo.

Kuna jambo la wakati pia, na hili kugawanya peke yake hakukuambii. Kazi nyingine thamani yake inayeyuka. Wale wa programu wanaiita gharama ya kuchelewa, na Don Reinertsen ndiye aliyeisisitiza sana kwenye vitabu vyake. Wanajiuliza, nikiahirisha hii kwa mwezi mmoja, napoteza nini? Logo ukiiahirisha mwezi, unapoteza karibu sifuri. Lakini asali na unga wa uji ukivifikisha mjini Idi imepita, umebeba mzigo uleule ambao wiki tatu nyuma watu wangeugombania jioni ya kufuturu. Alizeti nayo huku kwetu inaanza kuvunwa mwezi wa tano. Kipindi hicho ndicho cha kuwa na hela mkononi, wakulima wana mbegu nyingi na bei iko chini. Ukija mwezi wa kumi na moja na hela yako nzuri utanunua kwa mtu aliyeihifadhi, kwa bei anayotaka yeye. Kwa hiyo kazi yenye tarehe iandikie tarehe yake pembeni, hata kama namba zake zinasema isubiri.

Halafu kuna mtego. Tazama hii. Alama ya ubora ya TBS kwenye asali naipa thamani 13, maana maduka makubwa ya mjini yanauliza alama kabla ya kuuliza bei. Nguvu nayo 13, kuna safari, kuna kurekebisha sehemu ya kufungashia, kuna kusubiri. Jibu 1. Kubadilisha picha ya profaili, thamani 1, nguvu 1. Jibu 1 vilevile! Ukifuata hesabu kama kipofu utabadilisha profaili kila wiki, na kila wiki utajisikia umefanya kazi, na mwaka utaisha asali yako bado inauzwa kwa watu wanaokufahamu tu. Vikazi vyepesi vina utamu wake, ukimaliza vitano unajiona shujaa. Ndiyo vinavyokula biashara nyingi za mitandaoni, kuliko hata uvivu.

Dawa yao ni kuikata kazi kubwa mpaka kipande cha kwanza kiwe kidogo. Huandiki "kupata TBS". Unaandika "kwenda SIDO Dodoma kuuliza wanahitaji nini", kwa sababu mjasiriamali mdogo anaanzia pale kwa barua ya utambulisho. Hiyo ni safari ya siku moja, nguvu 3, na siku hiyohiyo unapeleka mizigo ya wateja wa mjini, kwa hiyo nauli imejilipa. Ukirudi na majibu ndiyo unaandika kipande cha pili. Na siku moja ya wiki, kwangu Alhamisi, naiacha kwa ajili ya kipande cha kazi kubwa hata kama kuna vikazi vidogo ishirini vinalia.

Kuna vitu pia huvipimi kabisa. Kujaza ndoo lita kamili, kuchuja asali, kumlipa mkulima siku mliyokubaliana, kumrudishia mteja hela yake kama mzigo umevuja njiani. Hivi usiviandike kwenye karatasi ya kugawanya, maana siku utakayokuwa na haraka utakuta kuchuja kumepata namba ndogo ukaacha. Nimeshaona muuzaji anashauriwa apunguze ujazo kidogo kwa sababu "mteja hatajua, unaokoa nyingi kwa kazi ndogo". Kwa hesabu ni kweli, thamani kubwa, nguvu ndogo. Ni wizi vilevile.

Namna ninavyofanya haichukui zaidi ya nusu saa. Jumapili jioni naandika kila kazi iliyo kichwani kwenye daftari, hata zikiwa thelathini. Naweka namba mbili mbili, naweka tarehe kwenye zenye tarehe. Nachukua tatu za juu, na kipande kimoja cha kazi kubwa. Zilizobaki sizifuti, zinakaa, ila sizigusi wiki hiyo hata mtu aje na wazo tamu namna gani. Wazo jipya linaandikwa chini ya orodha, linasubiri Jumapili kama wenzake. Kila baada ya wiki nne napitia zile za chini kabisa. Kazi iliyokaa miezi mitatu bila kupanda, naikata kwa kalamu. Tovuti nimeshaikata mara mbili, huwa inajirudisha yenyewe nikiona tangazo la "tovuti kwa bei ya ofa".

Yule dada wa karanga tumekaa naye juzi, tumesoma chati zake pamoja. Zilizofia kwenye "imeisha, subiri" ni nyingi kuliko sababu nyingine zote. Kwa hiyo wiki hii orodha yake ina vitu vitatu tu. Kudai elfu ishirini na mbili zilizoko kwa watu wawili. Kuongea na mkulima mmoja wa Goima ampe magunia mawili kwa malipo nusu nusu. Na kuandika bei pamoja na nauli ya mpaka Dodoma mjini kwenye picha anazozitumia kila siku. Stika atazitumia mzigo ukishafika, si zipo tayari.

Kama na wewe unataka kujaribu, anza na zile chati thelathini kabla ya kitu kingine chochote. Ukishazisoma, andika hapo chini nyingi zimefia wapi, tuone kama wa Singida, wa Mwanza na wa Zanzibar mnapotezea wateja sehemu moja na sisi wa huku.